Nilichora Mdomo Wangu Ukutani, Sasa Nesi Ananitafuta

Mama Mshauri, shikamoo. Kwanza nisamehe kwa mwandiko, kwa sababu mwandiko ndiyo kazi yangu, mimi ni mwandika mabango, naandika maduka na milango ya magari na kuta za shule, mwaka wa ishirini na saba huu, na wateja wananiita Mkono Mnyoofu kwa kuwa mstari wangu hauhitaji rula, lakini leo ukiona herufi zimelewa ujue si pombe, ni woga. Nakuomba unisaidie kabla sijajiharibia zaidi, na nakuomba usicheke, ingawa ukicheka nitakuelewa, hata mimi nimejicheka wiki nzima mpaka juzi nilipojikuta sicheki tena.

Ilikuwa hivi. Zahanati moja ya meno ilinipa kazi ya kuchora ukuta wake wa nje, ule unaotazama barabara. Walitaka mdomo mkubwa uliofunguka, wenye afya, unizidi mimi urefu, meno yote yaonekane, ulimi umevutwa pembeni, na chini yake maneno haya: UNA KIDONDA KINYWANI KISICHOPONA KWA WIKI MBILI? BAKA JEUPE AU JEKUNDU? UVIMBE? INGIA TUKUANGALIE. Wakanipa na picha ya kunakili, wameikata kwenye kitabu, mimi nikaitazama kwa dharau nikawaambia mchoraji wa kweli hanakili karatasi, anachora kitu kilicho hai. Majivuno hayo, mama, ndiyo yaliyoniponza, maana kitu kilicho hai kilichokuwa karibu kilikuwa mdomo wangu.

Nikaleta kioo changu cha kunyolea ndevu, nikakifunga kwa waya kwenye nondo za dirisha, nikapanda ngazi, nikaachama, nikaanza. Siku mbili nzima niko juu pale mdomo wazi, wapita njia wananipigia kelele, "Fundi, funga, nzi wataingia!" na mimi siwezi kuwajibu kwa sababu ulimi nimeushika kwa kitambaa. Kwenye meno nilidanganya, nakiri, nilijirudishia mawili yaliyokwenda zamani. Lakini ulimi niliuchora kwa uaminifu wote. Pale pembeni kushoto palikuwa na baka, jeupe kama chaki, katikati limeiva wekundu, na mimi badala ya kushtuka nikahangaika na rangi yake, nusu saa nzima nachanganya, nyeupe nyingi, nyekundu kidogo, tone moja la manjano, mpaka ikafanana kabisa, nikashuka, nikarudi nyuma hatua tatu, nikajipa hongera kwa sauti.

Nesi wa zahanati akatoka na kikombe chake cha chai, akasimama karibu nami, akautazama ukuta muda mrefu.

"Fundi, kazi nzuri. Huu mdomo ni wa nani?"

"Wa mtu mwenye afya zake, kama mlivyoagiza."

"Na hii alama hapa pembeni ya ulimi?"

Hapo ndipo nilipouona mdomo wangu kwa mara ya kwanza. Nimeshinda nao siku mbili, nimeukuza mpaka umenipita kimo, lakini kuuona, nilikuwa sijauona. Nikasema, "Rangi imedondoka, dada."

"Imedondoka ikaweka na wekundu katikati?"

"Ah, rangi za siku hizi," nikasema, nikapanda ngazi mbio, nikalifuta baka kwa rangi ya waridi, likatoweka, ulimi ukang'aa kama wa mtoto mchanga.

Nesi hakucheka. "Fundi, shuka. Hebu fungua mdomo."

Nikamwambia nina haraka, kuna gari la mtu linanisubiri, nikaondoka na ngazi begani na makopo mkononi. Nilipofika kona ya pili ndipo nikakumbuka kioo. Kimebaki kwake. Tangu siku hiyo ananipigia simu kila asubuhi, kwa adabu kabisa, "Fundi, kioo chako kipo, njoo ukichukue," na wote wawili tunajua si kioo kinachomhangaisha. Siku hizi nanyoa ndevu kwa kupapasa, mashavu yamejaa mikwaruzo, utadhani nimegombana na paka.

Na usidhani baka lenyewe ni la jana. Mimi tarehe sizishiki, nahesabu kwa kazi. Nilipokuwa naandika bango la kinyozi lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Nilipohamia kwenye gereji likawa linakwaruza nikinywa chai. Nilipomaliza duka la vitanda lilikuwa limetanda, na kutoka kinyozi hadi vitanda, nikihesabu bila kujionea huruma, ni miezi minne. Nililaumu brashi. Sisi waandika mabango tuna tabia mbaya, ukiwa juu ya ngazi brashi nyembamba unaiuma kwa meno, na ukitaka ncha yake ikae vizuri unailamba, basi nikajiambia ni brashi imenichubua, nikaihamishia upande wa kulia, nikasubiri kushoto kupone. Akili hizo! Nikasukutua kwa maji ya chumvi, nikajikaza kisabuni, na kwa kuwa halikuwa linauma sana nikajihesabu nimepona nusu. Na kumbuka, mama, hayo maneno ya WIKI MBILI niliyaandika mimi, kwa herufi za kimo cha goti, na nilipofika hapo kwenye WIKI kitu pekee nilichokuwa nawaza ni kama W na I zimeachana mno.

Sasa utauliza, si uende tu? Hapo ndipo penye siri. Mimi navuta sigara. Miaka mitatu iliyopita, baada ya kikohozi kunisumbua msimu mzima, niliapa kuacha, na sikuapa kimya kimya kama watu wenye akili, niliapa sebuleni, mbele ya mke wangu, binti zetu wawili na mama mkwe aliyekuja kututembelea, nikaivunjavunja pakiti mbele yao, wakapiga makofi, mama mkwe akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Siku ya nne nilikuwa juu ya ngazi na sigara mdomoni. Mpaka leo mama mkwe hunitolea mfano kwa waume wa binti zake wengine, anawaambia waje wajifunze kwangu uanaume wa kushika neno, na mashemeji zangu wananichukia kwa haki kabisa. Sigara zenyewe nazificha kwenye kopo kuukuu la rangi ambalo nimeliandika mwenyewe, herufi nyekundu na fuvu la kichwa juu yake, SUMU, USIFUNGUE. Fuvu limetoka vizuri sana.

Nikiingia zahanati kitu cha kwanza wataniuliza kama navuta, na yule nesi anasuka nywele saluni moja na mke wangu. Unazijua saluni, mama.

Kwa sasa mke wangu hajui kitu, hapo nashukuru. Tena siku hizi amekuwa msahaulifu, mwezi wa tatu huu hatii pilipili kwenye mchuzi, nikimwuliza anasema amepitiwa tu, mkate ananikatia ile sehemu laini, chai ananiletea imeshapoa. Nikasema moyoni, mwenzangu anazeeka. Sikulalamika, maana vikali na vya moto vinanichoma upande ule, nikaona ni bahati. Na kila nikivaa koti la kazi nakuta pipi za mnanaa mfukoni, ananijazia yeye mwenyewe, sijui kazipendea nini, na mimi zinanifaa kuua harufu.

Juzi ndipo kicheko kilipokatika. Nilikuwa naandika duka la viatu, na mimi huwa naitamka kila herufi kwa sauti ninapoiandika, tangu nilipokuwa najifunza kazi, ulimi ukiitaja mkono unaifuata. Katikati ya jina la duka ulimi ukawa mzito, ukakwama, na mkono nao ukasimama. Nikakaa juu ya ngazi nikalia, mtu mzima, brashi mkononi, na wateja wa viatu wanaingia na kutoka chini yangu. Wakinikata ulimi nitaandika na nini? Na mke wangu alinipendea maneno, si sura, sura yangu nusu yake iko ukutani barabarani, ukipita utaiona na utamwelewa. Sitaki kufa, mama. Na sitaki wanangu wajue kwamba baba yao ni mwongo. Sijui lipi silitaki zaidi, na hilo ndilo linalonitisha.

Kwa hiyo naomba ushauri wako. Nifanyeje nipimwe bila mke wangu kujua kwamba navuta? Au ni afadhali nisubiri kwanza, niache sigara kweli kweli, nikae miezi miwili mitatu, halafu ndipo niende na kinywa chenye heshima? Ichapishe barua yote kama ilivyo, labda nikijisoma nitapata aibu ya kunisukuma, ila jina langu la kwenye kitambulisho lisitoke, niokoe na mama mkwe.

Ni mimi, Mkono Mnyoofu, niliyepinda.

MSHAURI ANAJIBU

Mkono Mnyoofu, marahaba. Nimecheka, uliniruhusu. Nimecheka mpaka pale ulipotia tone la manjano, nikaacha, nikaivuta taa karibu, nikaisoma barua upya kutoka mwanzo. Barua za ukurasa huu husubiri zamu. Yako nimeipitisha mbele ya watu kumi na mmoja, akiwemo dada anayetaka kuvunja uchumba kwa sababu mchumba anakoroma. Atavumilia wiki moja zaidi.

Tuanze na hiyo miezi miwili mitatu. Hapana. Umeshakipa kitu hicho miezi minne, sasa unataka kukiongezea likizo? Daktari hatazami heshima ya kinywa, anatazama kinywa. Tena kinywa cha mvutaji ndicho anachotaka kukiona kabla ya vingine, kwa sababu tumbaku iko mstari wa mbele kabisa katika kuleta saratani ya kinywa, na pombe ikiongezwa juu yake hatari inakua. Ukiulizwa unavuta, sema navuta, na useme ngapi kwa siku. Ukiulizwa pombe, jibu vivyo hivyo. Sigara acha leo, na huko huko omba wakusaidie kuacha, maana kwa viapo vya sebuleni umeshashindikana. Lakini kuacha kusiwe tiketi ya kukuingiza mlangoni. Nenda hivyo hivyo, na harufu yako.

Mimi sijui baka lako ni nini. Wewe hujui. Nilimpigia simu daktari wa meno ninayemwamini, nikamsomea yale maneno yako ya jeupe kama chaki na wekundu katikati, akaniambia hivi: mengi ya namna hiyo yakipimwa hukutwa si saratani, pengine jino linakwaruza, pengine fangasi, lakini lililokaa miezi minne pembeni ya ulimi wa mtu anayevuta halikisiwi, linapimwa, na lilipaswa kupimwa siku nyingi. Nikamwambia mwenyewe anasema haliumi sana. Akasema ndivyo watu wanavyochelewa, kwa sababu mwanzoni mara nyingi haliumi. Na huo uzito wa ulimi wa juzi usimfiche nesi, hata kama ulikuwa woga tu. Mwambie.

Unaogopa kukatwa ulimi, na hapo sikucheki, hata mimi ningeogopa. Lakini umeishika hofu kwa upande usio wake. Saratani ya kinywa ikikutwa ikiwa ndogo, matibabu yake huwa madogo na matumaini yake makubwa. Wanaopoteza zaidi kwa kawaida ni waliongoja. Kwa hiyo kila bango unaloandika huku umejitia hamnazo, huulindi ulimi wako, unauweka rehani.

Na unachokikimbia ni kitu cha dakika chache. Utakaa kwenye kiti, watakumulika kwa taa, watashika ulimi kwa kitambaa kama ulivyoushika wewe, watatazama kando zake, chini yake, ndani ya mashavu, fizi, koo kwa nyuma, watapapasa shingo kama kuna uvimbe. Haiumi. Wasiporidhika watakuelekeza hospitali kubwa, huko utapigwa sindano ya ganzi, watachukua kinyama kidogo sana kipelekwe maabara. Majibu huchukua siku kadhaa, na wewe nakuona, ndizo siku utakazotaka kutoroka na ngazi yako. Usitoroke. Uliza tarehe ya kurudi, iandike ukutani kwako kwa herufi za kimo cha goti, urudi. Na brashi uache kuzilamba. Rangi si asali.

Sasa mkeo. Ah, baba wewe! Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Huu mwezi wa tatu mchuzi hauna pilipili. Mkate anakupa ulio laini. Chai inapoa kabla haijakufikia. Mfuko wako unajaa pipi za mnanaa kila ukivaa koti. Unasema anazeeka, unasema amepitiwa. Huyo mwanamke hajasahau chochote. Ameona unatafuna upande mmoja, ameona unakunja uso ukimeza, na harufu ya sigara ameinusa tangu siku ya nne. Hajasema kwa sababu uliapa mbele ya mama yake, na akikuumbua wewe anajiumbua na yeye. Kwa hiyo amefanya alichoweza, amekupikia. Miezi mitatu mnakaa meza moja, kila mmoja anaogopa kitu kile kile, na kila mmoja anamficha mwenzake. Siri unayoilinda imebaki siri kwa binti zako na kwa mama mkwe, na mama mkwe atapona.

Binti zako watajua ulidanganya kuhusu sigara, watakununia wiki mbili. Hizo wiki mbili ni nzuri, zipokee. Usiwape jambo kubwa zaidi la kulia.

Jina lako la kitambulisho nimelificha kama ulivyoomba. Lakini umesaini Mkono Mnyoofu, jina ambalo, kama wewe ni mwandika mabango kama wengine, limo kwenye kona ya chini ya kila bango uliloandika kwa miaka ishirini na saba. Uliniambia nichapishe kama ilivyo, nimechapisha. Gazeti hili hutoka Jumatano na saluni huwa zinalo kabla ya adhuhuri. Piga hesabu zako vizuri. Bora ayasikie kwako.

Basi fanya hivi. Weka gazeti chini, nenda jikoni, mwambie mkeo maneno mawili: navuta, na naogopa. Usitafute maneno mazuri, hayo mazuri yalimaliza kazi yake ulipokuwa unamchumbia. Mpe lile kopo la SUMU alitupe mwenyewe, ndilo bango pekee la kweli uliloandika mwaka huu. Halafu vaa viatu, muende wote wawili, leo, wakati zahanati iko wazi. Gari la mtu lisubiri.

Na ukishapimwa, majibu yawe yoyote, utarudi pale na ngazi yako. Utalirudisha baka ulilolifuta, mahali pale pale, nyeupe nyingi, nyekundu kidogo, tone moja la manjano. Watu wanapita kila siku na vinywa vyao, wanatazama ulimi wa mtoto mchanga juu ya maneno ya kidonda, hawajui watafute nini. Wewe ulikuwa umewaonyesha. Lipigie mstari wa kuelekeza hapo, huo mstari wako usiohitaji rula.

Na wewe dada nesi mwenye kioo, najua utaisoma hii ukiwa unasukwa. Akija na mke wake, mkaribishe, mpe kiti. Kioo usimpe mpaka afungue mdomo.